Usiuamini Wastani Kabla Hujaigawa Grafu

Mwaka 1931 na mwaka uliofuata, watafiti wa kilimo katika jimbo la Minnesota, Marekani, walipanda aina kumi za shayiri katika vituo sita: Waseca, Crookston, Morris, University Farm, Duluth na Grand Rapids. Aina kumi, vituo sita, misimu miwili. Zikapatikana namba 120 za mavuno, kwa kipimo cha busheli kwa ekari. Matokeo yalichapishwa mwaka 1934 na Immer, Hayes na Powers. Mwaka 1935 R. A. Fisher, mwanatakwimu aliyeweka misingi ya majaribio ya mashambani inayofuatwa hadi leo, alichukua sehemu ya namba hizo akazitumia katika kitabu chake The Design of Experiments. Kuanzia hapo shayiri ya Minnesota ikawa data ya kufundishia, ikapita mikononi mwa wataalamu wengi kwa miaka karibu sitini.

Kisha William Cleveland, mtafiti wa maabara za Bell, akaichora upya katika kitabu chake Visualizing Data cha mwaka 1993. Hakuhitaji hesabu ngumu. Alikipa kila kituo grafu yake ndogo, yaani paneli, akazipanga paneli sita moja juu ya nyingine, zote zikitumia skeli ileile ya mavuno. Ndani ya kila paneli, kila aina ya shayiri ina mstari wake, na juu ya mstari huo zimo nukta mbili: alama moja ya 1931, nyingine ya 1932. Katika paneli tano, nukta za 1931 kwa ujumla ziko upande wa kulia, maana yake mwaka huo ulikuwa na mavuno makubwa zaidi. Katika paneli ya Morris mambo yamepinduka: nukta za 1932 ndizo zilizo kulia, aina baada ya aina. Jicho linaliona hilo mara moja, ilhali hesabu za miaka yote hiyo hazikuwa zimelileta mezani.

Tuichukue aina moja tu, Manchuria, tuitazame kwa karibu. Waseca ilitoa busheli 48.9 mwaka 1931, ikashuka hadi 33.5 mwaka 1932. Crookston ilitoka 39.9 ikafika 33.0. Grand Rapids kutoka 33.0 hadi 22.1. Duluth kutoka 29.0 hadi 22.6. University Farm haikusogea sana: 27.0, kisha 26.9. Morris peke yake ilipanda, kutoka 27.4 hadi 34.4. Ukikokotoa wastani wa vituo vyote sita unapata 34.2 kwa mwaka wa kwanza na 28.7 kwa mwaka wa pili, na unaandika kwenye ripoti kwamba mavuno yalishuka. Sentensi hiyo ni ya kweli. Lakini mkulima wa Morris akiisoma hatakuelewa, kwa kuwa shambani kwake kilichotokea ni kinyume chake.

Hoja yangu katika safu hii ni hiyo. Kuigawa grafu katika paneli kwa kufuata makundi yaliyomo ndani ya data ni sehemu ya uchambuzi wenyewe, na inapaswa kufanyika kabla ya wastani wowote kuandikwa. Watu wengi wanaoandaa ripoti huichukulia kama pambo la mwishoni, jambo la mchoraji wa kurasa. Matokeo yake ni ripoti zilizojaa mistari ya taifa zima ambayo haielezi hali ya mahali popote.

Paneli ni nini, na zilitoka wapi

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Unachagua kigezo kinachoyatenga makundi: mkoa, jinsia, mwaka, aina ya mbegu, idara, kituo cha afya. Kila kundi linapata paneli yake. Paneli zote ni za aina moja, zina mihimili ileile na skeli ileile. Msomaji akishajifunza kuisoma paneli ya kwanza, amekwisha kujifunza kuzisoma zote. Kazi inayobaki ni kulinganisha.

Wazo hili ni la zamani. Francis Walker, aliyesimamia sensa ya Marekani ya mwaka 1870, alitoa atlasi ya takwimu mwaka 1874 ambamo kila jimbo lilipewa mraba wake ulioonyesha mgawanyo wa watu kwa madhehebu au kwa kazi, na miraba hiyo ikapangwa pamoja ukurasani. Edward Tufte aliutetea mtindo huu kwa nguvu katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu uonyeshaji wa takwimu. Lakini kuchora paneli thelathini kwa mkono ni adhabu, na kwa muda mrefu waliofanya hivyo walikuwa wachache.

Kompyuta ndiyo iliyoufungua mlango. Cleveland na wenzake wa Bell, akiwamo Richard Becker, waliunda mfumo walioupa jina la Trellis ndani ya lugha ya S, ambayo ndiyo mama wa lugha ya R inayotumika leo. Deepayan Sarkar aliuleta mfumo huo kwenye R kwa programu ya lattice. Hadley Wickham akaja na ggplot2, akijenga juu ya mawazo ya Leland Wilkinson aliyeandika The Grammar of Graphics mwaka 1999. Katika ggplot2 amri ni mbili: facet_wrap, inayozipanga paneli mfululizo na kushuka mstari nafasi inapokwisha, na facet_grid, inayotumia vigezo viwili kwa pamoja, kimoja kwa safu za kulala na kingine kwa safu za kusimama. Anayetumia Python anazipata kazi hizohizo katika seaborn. Kilichokuwa kazi ya wiki nzima sasa ni mstari mmoja wa maandishi. Kwa hiyo ugumu wa kuchora hauwezi tena kuwa kisingizio. Ugumu uliobaki ni wa kufikiri: ugawe kwa kigezo gani, kwa skeli ipi, na kwa mpangilio upi.

Kigezo cha kugawia

Mfano bora ninaoujua wa swali la kwanza ni udahili wa wanafunzi wa shahada za juu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973. Data ya idara sita kubwa imo ndani ya R, na yeyote anaweza kuifungua. Wanaume walioomba katika idara hizo walikuwa 2,691, wakapokelewa asilimia 44.5. Wanawake walikuwa 1,835, wakapokelewa asilimia 30.4. Ukichora nguzo mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, pengo linaonekana kubwa na hukumu inakuja yenyewe: chuo kinawabagua wanawake.

Sasa gawa kwa idara. Idara ya kwanza, inayoitwa A katika data hiyo, iliwapokea asilimia 82 ya wanawake walioomba na asilimia 62 ya wanaume. Idara B: wanawake 68, wanaume 63. Idara D: 35 kwa 33. Idara F: 7 kwa 6. Wanaume wako mbele katika idara mbili tu, C na E, na tofauti ni ndogo: 37 kwa 34, na 28 kwa 24. Nguzo mbili zimekuwa paneli sita, na hukumu ya mwanzo imekosa pa kusimama.

Siri iko kwenye idadi ya waombaji. Idara A na B zilikuwa rahisi kuingia, na wanaume waliziomba kwa wingi: 825 na 560. Wanawake walioziomba walikuwa 108 na 25 tu. Wengi wao walielekea kwenye idara zenye nafasi chache, kama C ambako waliomba 593 na E ambako waliomba 393. Jumla ya chuo ilichanganya maswali mawili, nani aliomba wapi na nani alipokelewa, ikayatoa kama jibu moja. Bickel, Hammel na O'Connell waliueleza mkasa huu katika jarida la Science mwaka 1975. Wanatakwimu huuita kitendawili cha Simpson, kwa heshima ya Edward Simpson aliyeandika juu ya jambo hilo mwaka 1951.

Isidhaniwe kwamba paneli ziliifuta hoja ya usawa. Zilihamisha swali hadi mahali pake. Kwa nini wasichana walikuwa wameelekezwa tangu shuleni kwenye fani zenye nafasi chache? Waandishi wa makala ile walilitaja hilo wenyewe, wakasema mzizi uko kwenye hatua za awali za elimu. Anayetaka kurekebisha mambo anahitaji kujua mahali pa kuanzia, na nguzo mbili za mwanzo zingempeleka pasipostahili.

Kutokana na mkasa huo tunapata kanuni ya kuchagua kigezo: gawa pale uamuzi unapofanyika, au pale chanzo kinapofanya kazi. Berkeley, idara ndizo zilizoamua nani aingie, kwa hiyo idara ndiyo kigezo. Minnesota, mvua na udongo vilitofautiana kwa kituo, kwa hiyo kituo ndicho kigezo. Ukichambua matokeo ya mtihani, jiulize nani anapanga walimu na vitabu. Ukichambua bei ya mahindi, jiulize soko ni lipi na barabara ni ipi. Kigezo kilichochaguliwa kwa sababu tu kipo kwenye jedwali huzaa paneli nyingi zisizosema lolote.

Mara nyingine kigezo ni namba yenyewe, kama ukubwa wa shamba au umri wa mama. Hapo inabidi ukate madaraja, na mahali pa kukata panaweza kubadilisha picha. Njia ya Cleveland ilikuwa kuyafanya madaraja yaingiliane kidogo pembeni, kama vigae vya paa, ili shamba lililo mpakani lionekane katika paneli zote mbili. Usipofanya hivyo, walau jaribu kukata mahali pengine uone kama habari inabaki ileile.

Skeli: somo la mvua za Tanzania

Swali la pili ndilo linaloharibu grafu nyingi zaidi, na mfano wake uko nyumbani. Chukua mvua ya kila mwezi katika vituo vinne vya Tanzania: Bukoba, Dar es Salaam, Dodoma na Songea. Kila mkulima anajua kwamba nchi ina maeneo ya misimu miwili na maeneo ya msimu mmoja, na Mamlaka ya Hali ya Hewa huigawa hivyo katika utabiri wake. Dar es Salaam na Bukoba zina vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Dodoma na Songea zina msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu kisicho na tone.

Ukichukua wastani wa vituo vyote vinne kwa kila mwezi, unapata mstari unaopanda na kushuka kwa upole. Januari na Februari, Dar es Salaam inapumzika kati ya vuli na masika wakati Dodoma iko kwenye kilele, kwa hiyo kimoja kinaziba pengo la kingine. Mstari unaotokea hauna vuli inayoeleweka, hauna masika kamili, na hauna kiangazi halisi cha Dodoma. Ni ratiba ya mvua ambayo hakuna anayeweza kuilimia.

Ukigawa kwa kituo, tabia zote mbili zinajitokeza. Na linajitokeza jambo jingine ambalo jumla za mwaka haziwezi kulionyesha. Dar es Salaam na Songea hupata mvua inayokaribiana kwa mwaka, kitu kama milimita 1,100 kila moja. Kwenye jedwali la jumla ni kama pacha. Kwenye paneli, moja ina vilele viwili na nyingine ina kimoja kipana. Mpango wa mbegu na mbolea uliotungwa kwa kutazama jumla ungewapa wakulima hao kalenda moja, na mmoja wao angeumia.

Sasa skeli. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa Aprili pekee huvuka 300. Dodoma hupata chini ya 600 kwa mwaka mzima. Ukiweka skeli moja kwa paneli zote, Bukoba inajaa hadi juu na Dodoma inalala chini, umbo lake halisomeki vizuri. Ukiiacha kila paneli ijichagulie skeli yake, maumbo yote yanaonekana vizuri, lakini msomaji mwenye haraka ataona nguzo za Dodoma zimefika juu sawa na za Bukoba, akaamini mvua ni sawa.

Kanuni yangu ni kwamba skeli moja ndiyo ya kuanzia, siku zote, kwa sababu paneli zipo ili zilinganishwe. Kama Dodoma inalala, kulala kwake ni habari: ndivyo ilivyo kavu. Ikiwa swali lako ni umbo la msimu na si kiasi cha maji, usifungue skeli ovyo, badilisha kipimo. Onyesha kila mwezi kama asilimia ya mvua yote ya mwaka ya kituo hicho. Hapo vituo vyote vinarudi kwenye skeli moja ya haki, na umbo linaonekana bila kumdanganya mtu. Ukilazimika kuwa na skeli tofauti, andika hivyo kwenye kichwa cha grafu kwa herufi zinazosomeka, wala usilifiche kwenye maelezo ya chini.

Wanaotumia Excel wawe waangalifu zaidi. Programu hiyo huichagulia kila chati skeli kutokana na data ya chati hiyohiyo. Ukitengeneza chati nne za mikoa minne na kuzibandika pamoja ukurasani, umepata skeli nne bila kuziomba. Fungua mpangilio wa mhimili wa kila chati, uandike mwenyewe kiwango cha chini na cha juu, vilevile kwa zote. Ni kazi ya dakika chache, na inaokoa ripoti nzima.

Kuna la kuangalia pia kwenye mhimili wa miezi. Ukianza na Januari na kumaliza na Desemba, msimu wa Dodoma unakatwa katikati: nusu iko kushoto kabisa mwa paneli, nusu iko kulia kabisa, na katikati kuna shimo. Msomaji anaona misimu miwili mahali ambapo upo mmoja. Anza na Julai umalize na Juni, na msimu unasimama mzima mahali pamoja. Mwaka wa kalenda si mwaka wa mkulima, na mhimili unapaswa kumfuata mkulima.

Mpangilio

Namna ya kupanga paneli inategemea unataka jicho lilinganishe nini. Ukitaka kulinganisha nyakati, kwa mfano kilele cha mvua kinafika mwezi gani kila kituo, panga paneli moja juu ya nyingine ili Aprili ya juu isimame sawasawa na Aprili ya chini. Ukitaka kulinganisha viwango, zipange ubavu kwa ubavu ili milimita 200 za paneli ya kushoto ziwe kwenye kimo kilekile na za kulia. Cleveland alizirundika paneli za Minnesota juu kwenda chini kwa sababu mavuno yalikuwa kwenye mhimili wa kulala.

Mpangilio wa nani aanze na nani afuate una uzito wake. Programu nyingi hupanga kwa alfabeti zisipoambiwa vingine. Tanzania ina mikoa 31. Kwa alfabeti Arusha inatangulia, na inatangulia kwa herufi yake tu. Kenya ina kaunti 47, na Baringo itaongoza kila grafu, iwe ya samaki au ya chai. Panga kwa thamani ya katikati ya kile unachokipima, kutoka kubwa kwenda ndogo. Cleveland alifanya hivyo kwa vituo na kwa aina za shayiri, na ndiyo maana Morris ilionekana haraka: kila kitu kingine kilikuwa kimekaa kwa utaratibu. Njia nyingine nzuri kwa kaunti na mikoa ni kuzipanga paneli kwa kufuata ramani, Mandera juu kulia, Kwale chini kulia, ili majirani wakae pamoja na msomaji atambue tatizo la ukanda mzima.

Nashauri pia kuweka katika kila paneli kivuli cha makundi mengine kwa rangi ya kijivu hafifu, na kundi lenyewe kwa rangi kali. Paneli hupoteza kitu kimoja ambacho grafu ya pamoja inacho, nacho ni uwezo wa kuona mistari miwili ikiwa karibu karibu kwenye tarehe moja. Kivuli hukirudisha. Na kama makundi ni mawili au matatu tu na mistari yake haigongani, usigawe kabisa. Iache pamoja, msomaji atalinganisha vizuri zaidi.

Mipaka yake

Paneli nazo hupotosha, na anayezipenda ana wajibu wa kusema wapi.

Kwanza, kadiri unavyogawa ndivyo kila paneli inavyobaki na data kidogo. Utafiti wa kaya uliopangwa kutoa picha ya mkoa hauwezi kukatwa hadi kata na bado ukaaminika. Kilele kinachotokana na kaya nane ni kelele. Andika idadi ya waliohesabiwa ndani ya kila paneli, kwenye kona, ili msomaji apime mwenyewe uzito wa anachokiona. Paneli tupu nayo iache mahali pake. Kama hakuna data ya wilaya fulani, hilo ni jambo la kujulikana.

Pili, ukigawa vya kutosha lazima utapata cha ajabu. Ukipima mikoa 31 kwa kipimo kinachokubali kukosea mara tano katika mia, tegemea mkoa mmoja au miwili kujitokeza kwa bahati tu, hata kama hakuna tofauti yoyote ya kweli. Mchambuzi anayegawa kwa mkoa, kisha kwa jinsia, kisha kwa umri, kisha kwa dini, hadi apate paneli inayomfurahisha, hajagundua kitu. Amechagua. Andika swali lako na kigezo chako kabla ya kuchora, na ukigawa kwa vigezo vingi, vitaje vyote, hata vile ambavyo havikuonyesha lolote.

Tatu, paneli huuliza. Jibu hutoka kwingine. Cleveland alipoiona Morris alihitimisha kwamba miaka ilikuwa imebadilishana nafasi kwenye chapisho: namba za 1931 ziliandikwa 1932, na za 1932 zikaandikwa 1931. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na kwa miaka mingi ilifundishwa kama ushindi wa macho dhidi ya kosa lililojificha. Mwaka 2013 Kevin Wright aliirudia kesi hiyo katika The American Statistician. Alikusanya data zaidi ya majaribio ya shayiri ya Minnesota, ya miaka mingine na aina nyingine, akaitazama pamoja na habari za hali ya hewa. Alikuta kwamba kituo kimoja kupanda wakati vingine vinashuka ni jambo la kawaida katika majaribio hayo, na kwamba hakuna haja ya kudai kosa la uchapaji ili kuieleza Morris.

Kwangu mimi hilo haliipunguzii paneli ya Morris thamani hata kidogo. Bila paneli hiyo, swali lisingeulizwa, na Wright asingekwenda kwenye kumbukumbu kulitafuta jibu. Iwe kosa la mchapaji au mvua ya mahali pale, wastani wa vituo sita ungeyafunika yote mawili. Lakini aliyeona paneli na aliyethibitisha sababu walifanya kazi mbili tofauti, na ripoti nzuri huzitenganisha kwa uwazi: hiki ndicho tunachokiona, na hiki ndicho tunachokijua kuhusu chanzo chake.

Kwa wanaoandika na wanaosoma ripoti

Maofisa mipango wa halmashauri na kaunti, waandishi wa habari za takwimu, wanafunzi wanaoandaa tasnifu: mna programu za bure, mna data, na kazi ni ya mistari michache. Kabla ya kuandika sentensi inayoanza na "kwa wastani", gawa grafu kwa kigezo ambacho ndicho kinachoendesha jambo lenyewe, weka skeli moja, panga kwa thamani badala ya alfabeti, na andika idadi katika kila paneli. Kama paneli zote zinafanana, wastani wako ni halali, uandike bila hofu. Kama moja au mbili zinakwenda kinyume, anza ripoti na hizo.

Na wewe unayepokea ripoti, mbunge, diwani, mhariri au mzazi kwenye kamati ya shule, ukionyeshwa mstari mmoja unaodaiwa kusimama kwa ajili ya watu wote, uliza umegawanywa kwa kigezo gani, na kama haujagawanywa, uombe ugawanywe kabla hujapiga kura wala kutia sahihi.